Ukuta Tuliouziba Pumzi

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza, simu wekeni chini. Mimi chuoni nilisoma Kurani, skuli nilitoka mapema, kwa hivyo maneno sitawapambia. Nawaambia nilichokiona.

Nyumba yetu iko Mji wa Kale, si mbali na Ngome. Ni ya mawe na chokaa. Ukuta wa upande wa bahari ulifanya nyufa, mwanangu wa kiume akaleta saruji akaupaka wote, ukawa laini kama sahani. Tukafurahi. Masika yalipokwisha ile saruji ikavimba, ikaanza kuanguka, na kila kipande kikashuka na jiwe lake. Mawe ya ndani yalikuwa yametota kama mkate uliochovywa chai.

Mwanangu akasema basi, nyumba imezeeka, tuhamie fleti Kisauni, hii auziwe mwenye kuitaka. Mimi nimezaliwa chumba cha juu mle, lakini ukuta ukitaka kuanguka hauulizi nani kazaliwa wapi.

Akatupeleka, mimi na mjukuu wangu, bintiye, tukakae kwa dada yake aliyeolewa ng'ambo ya pili ya maji, kwenye bonde moja karibu na Mtwapa. Huyo binti yangu ana vyumba vya kulaza wageni, minazi tele, umeme wa kubahatisha. Wageni wake huenda kutazama magofu ya kale msituni hapo jirani. Nikasema mimi sikutoka kwenye nyumba mbovu nije kutazama nyumba mbovu. Mjukuu wangu akanivuta mkono mpaka nikaenda.

Tulianzia msikitini. Ni msikiti hata kama hauna paa, kwa hivyo nikamwambia avue viatu.

"Bibi, hapa hata sakafu hapana."

"Kibla ipo. Vua."

Akavua, akawa anaruka miiba kama mbuzi. Tukawatolea salamu waliolala makaburini kama tulivyofunzwa, ndipo tukaingia majumbani mwao. Akaona zidaka ukutani, akasema ni kama vile ninavyopangia vikombe vyangu. Akaona choo cha ndani na pa kuogea kando yake, akacheka sana. Akasema hawa walituzidi, sisi kwetu kila asubuhi ni foleni.

Mimi nilikuwa nimeweka kiganja ukutani. Usiku wa jana yake mvua ilinyesha kweli kweli. Ukuta ule hauna paa wala mlango, wala mtu wa kuufagilia, na wenyewe wamekufa zamani za zamani. Nao ulikuwa mkavu, una vuguvugu la jua. Nikautazama juu hadi chini. Mawe na chokaa, basi. Maji huingia, na yakiisha kuingia hutoka. Wetu sisi tuliuziba pumzi.

Nikamwambia mjukuu wangu ampigie babake simu pale pale. Nikamwambia mwanangu nyumba haikuzeeka, tumeitia ugonjwa wenyewe kwa saruji. Akajibu kwa adabu kwamba mafundi wa chokaa siku hizi hawapatikani.

"Na wanaopaka msikiti wa mtaa wetu ni kina nani, majini?"

Akasema, "Mama, kazi hiyo itachukua miezi."

"Nyumba haina haraka. Wewe unakwenda wapi?"

Nikamsikia anacheka kidogo puani, kama alivyokuwa akicheka utotoni anaposhindwa. Kesho yake akaja kutuchukua, na njia nzima akawa ananiuliza marehemu babu yake alikuwa akiiloweka chokaa vipi. Sikuwa nimemsikia akiuliza habari za nyumba ile tangu aoe.

Tulipofika nikawaita wote uani, yeye, mkewe na bintiye, nikawaambia: "Saruji iliyobaki itoke leo. Chimbeni shimo hapa, chokaa ilale majini mpaka niseme mimi imeiva. Na anayetaka kuhamia Kisauni, amalize kuchimba kwanza."