Miguu ya Spika za Baba

Sisi tuliokulia milima ya Lushoto enzi zile muziki ukibebwa na wanaume wanne wenye mabega, tuna hofu moja ambayo watoto wetu hawawezi kuielewa. Baba yangu alikuwa akipiga muziki kwenye maharusi. Alikuwa na amplifaya, redio ya kanda, jenereta, na spika mbili za besi ambazo fundi Hoza, seremala wa jirani, alizitengeneza kwa mbao nzito za mkangazi. Kila moja ilinizidi urefu mimi wa miaka tisa. Baba akizijaribu nyumbani, vikombe vya Mama vilitetemeka kabatini.

Kasheshe ilikuwa miguu. Kwetu kiwanja kilicholala sawa ni bahati. Gari liliishia barabarani, na kuanzia hapo spika ziliburutwa kwenye vijia, kupanda na kushuka kati ya migomba na mashamba ya kabichi. Mwanzoni zilikuwa na miguu ya raba iliyokatwa kwenye tairi kuukuu. Raba ilishika vizuri, hata besi ikikoroma mchana kutwa spika haikusogea. Lakini kila zikiburutwa juu ya mawe, raba zilibanduka, na Baba akarudi na spika inayochechemea.

Ndipo akataka mbao mbili ndefu chini ya kila spika, za mkaratusi, zilizochongwa ncha zikainuka kidogo mbele ili zisikwame njiani. Mama hakupenda.

“Baba Zaina,” alisema, “kitu kinachoteleza ukikivuta, kitateleza hata usipokivuta.”

“Uzito wote ule, zitakwenda wapi zenyewe?”

Fundi Hoza alisimama katikati yao, penseli sikioni. “Mimi nafunga chochote mtakachosema. Ila elewaneni kwanza.”

Hawakuelewana. Zikafungwa mbao. Na mimi, ambaye hakuna aliyeniuliza, nikaanza kuziogopa zile spika. Zikisimamishwa mahali, sikuziondolea macho.

Harusi iliyofuata ilikuwa katika kijiji cha Mgwashi. Asubuhi ilinyesha, ukungu ukagoma kuondoka, na uwanja wa mwenye harusi, uliochimbwa kwenye ubavu wa mlima, ukawa tope. Wenyeji wakatandika mbao za jukwaa kwenye ukingo wa uwanja, Baba akasimamisha spika zake juu ya jukwaa hilo. Chini ya ukingo ule, kina kinachomzidi mtu mzima, ndiko akina mama walikopikia. Moshi wa kuni ulipanda na harufu ya pilau, na sisi watoto, tuliokwisha kuwaamkia wazee wote shikamoo mpaka midomo ikachoka, tulikaa tukitafuna miwa na kumeza mate. Mama alikuwa kule chini akikoroga sufuria, mdogo wangu Musa yuko mgongoni.

Baba akaweka kanda. Besi ikagonga. Nikaona ncha ya mbao ya spika ya kushoto imepita ufa wa jukwaa ambao awali ilikuwa nyuma yake.

Nikajiambia macho yangu yananidanganya. Nikavua kandambili moja, nikaiweka mbele ya ile ncha. Wimbo haujafika katikati, kandambili ikawa imesukumwa mpaka ukingoni, ikaanguka. Nikainama kuchungulia. Ilikuwa imetua karibu na mguu wa Mama, naye hakuiona.

“Mama! Ondoka hapo!” Nilipiga kelele mpaka koo likauma. Hakuna aliyesikia, hata mimi sikujisikia. Nikamkimbilia Baba, nikamvuta shati. Alikuwa akichagua kanda. Akanisukuma kwa kiwiko bila kugeuka. Kwetu mtoto aliyegusa mitambo alichapwa, hapakuwa na mjadala. Nikaitazama spika, pembe yake moja tayari inaning'inia hewani. Nikashika waya uliotoka kwenye jenereta, nikauvuta kwa mikono miwili.

Kimya kikaanguka uwanja mzima. Bibi harusi akabaki na mguu mmoja juu. Baba akageuka, mkono umeshainuka kunichapa. Nikaionyesha spika kwa kidole.

Akaona. Aliruka akaikumbatia ile spika kama mtu anayezuia ng'ombe, wanaume watatu wakamfuata, wakairudisha huku mbao zikilia. Mama akainua uso, akaona pembe ya mkangazi ikirudi nyuma juu ya kichwa chake. Akamshika Musa, akakaa chini kwenye majivu.

Baba hakunichapa. Jioni ile aliweka spika juu ya udongo mkavu wa barazani, akapiga muziki kwa sauti ndogo, watu wakalalamika, hakuiongeza. Kesho yake alikwenda kwa fundi Hoza na Mama kando yake. Mbao zilibaki kwa ajili ya njia, lakini fundi alikata raba nene nne kwa kila spika za kusukumia chini yake zikishatulia. Tangu hapo, popote tulipokwenda, Baba hakugusa amplifaya kabla hajaniuliza, “Zaina, raba?” Nami nilipiga magoti, nikazihesabu zote nane, ndipo nikasema, “Tayari, Baba.”

Leo binti yangu ana spika inayoingia kwenye pochi. Ikianguka anaiokota, anapuliza vumbi, anaendelea, halafu anasema eti sisi tuliteseka bure kuburuta makabati. Mara nyingi hata hiyo haiwashi, anaziba masikio kwa vile vidude vidogo na kutikisa kichwa peke yake jikoni, wimbo wake haumgusi mtu. Namwita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ile Mgwashi muziki ulipozimika, kijiji kizima kiligeuka kumtazama mtoto mmoja. Wa binti yangu ukizimika, anayejua ni yeye tu.