Nilivyokosea saizi ya chambo siku mkwe wangu anakuja kula kwangu

Wakuu, habari za Jumamosi. Sijaongeza chumvi hapa, mke wangu amekaa pembeni anasoma kila ninachoandika.

Mimi ni mwalimu, mtu wa Songea, nafundisha huku Busawe, Serengeti. Nimeoa Mkurya wa Tarime.

Baba mkwe hakuwahi kunikubali. Miaka minne, akija kwangu anakunywa maji, anasalimia mjukuu, anaondoka. Chakula hagusi. Kwa mzee kama yule, kukataa chakula chako ni jibu tosha.

Juzi kapiga simu kwamba anapita Jumamosi. Hospitali wamemkataza nyama kwa sababu ya maumivu ya miguu. Mimi kwa kiherehere nikadakia, nikimwita baba kwa Kikurya, "Shikamoo tata, njoo, nitakuvulia sato kwa mkono wangu!"



Basi leo alfajiri niko lamboni. Confidence ya video za Wazungu wanaovua carp, yale masamaki ya kwao yenye midomo mipana: chambo kikubwa, samaki mkubwa. Nikafinyanga ugali wa mtama, madonge kama ndimu. Carp wenyewe lamboni kwetu hawapo, ila nani alijali?

Saa moja, mbili, tatu. Kamba inatikisika, navuta, ndoano tupu. Narudisha donge kubwa zaidi. Tupu! Wakuu, nilitaka kulia. Mnada wa wiki ulishapita, samaki wa kununua hakuna, na mzee yuko njiani.

Saa nne mke akanifuata. Ndooni nilikuwa na kasato kamoja kalikonaswa pezi kwa bahati. Akakachukua, akakafungua mdomo.

"Baba Rhobi, hapa hata kidole changu hakiingii. Wewe unampa tonge la mkwe! Wanakudonolea pembeni tu."

Aisee! Mwalimu mzima niliona aibu.

Nikabadilisha ndoano, nikaweka ile ndogo kabisa. Chambo saizi ya punje ya harage, nimekikanda kikashika vizuri. Haikupita dakika tano, sato wa kiganja. Hadi saa sita nilikuwa nao saba.

Mzee akafika. Akanawa. Nikakaa mbali kidogo, najifanya nasoma simu.

Akala sato wa kwanza. Akavuta wa pili. Alipomaliza akamwambia binti yake, "Leo siondoki. Nitandikie."

Mke wangu aliingia jikoni akafunga mlango. Mimi nilitoka nje kuhema.

Somo langu: pima chambo kwa mdomo wa samaki wa bwawa lako, achana na ukubwa wa hamu yako. Na ukiwa na mke anayeona usichoona, muulize mapema.

Wavuvi wa malambo, tiririkeni, nikosoeni mnavyotaka leo sikasiriki. Mkwe wangu anakoroma chumbani kwangu, na sijawahi kusikia kelele tamu kama hizi.