Barua ya Ishirini na Tatu

Baba yangu alikuwa na mikono laini, na ukoo mzima ulimcheka kwa hilo. Ndugu zake walikuwa Wagenia, wavuvi wa kwenye maporomoko, watu wenye viganja vilivyokomaa kwa kamba na maji. Viganja vya baba vilinuka wino. Tonton Théodore, kaka yake mkubwa, alipenda kumuuliza mbele ya watu: "Wenceslas, leo umekaa sana kwa kiti? Umechoka kukaa?" Baba hakukasirika. Alijibu kwamba ndiyo, amekaa sana, na kesho atakaa tena.

Tuliishi Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto. Kila asubuhi alivuka kwa kivuko, suruali nyeupe imepigwa pasi, viatu vimefungwa katika gazeti ili visiguse tope. Akifika upande wa pili aliosha miguu, akavaa viatu, akawa mtu mwingine: Monsieur Wenceslas, karani wa rais wa Chama cha Huruma. Chama chenyewe kilikuwa cha Wazungu wa mjini, na kazi yake ilikuwa kuwasaidia wagonjwa wasio na mtu wa kuwasemea. Rais wake, Monsieur Lambrecht, alikuwa mzee aliyewahi kufanya biashara ya kahawa, akastaafu, akaamua kutenda mema. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingenipunguzia mawazo, lakini hakuwa.

Mambo ya ofisini baba alinisimulia mwenyewe alipokuwa mzee, kidogo kidogo, kama mtu anayejitoa mwiba. Kazi yake haikuwa kuandika tu. Alikuwa ndiye kumbukumbu ya Monsieur. Kabla sista mkuu hajaingia, baba alimnong'oneza bwana wake jina la sista huyo na alichoomba mara ya mwisho. Alijua miwani ilipoachwa. Alijua ni mfadhili gani asiyetaka kukaa jirani na nani. Hotuba ambazo watu walimpigia Monsieur makofi, nusu yake ilikuwa maneno ya baba, naye alisimama nyuma karibu na mlango, ameshika kofia ya Monsieur.

Siku kubwa ilikuwa Alhamisi. Baada ya kahawa ya saa nne, baba alileta jalada la sahihi, lile lenye kurasa nene za kufyonza wino, barua moja kila ukurasa. Monsieur alitia sahihi, baba alifungua ukurasa. Hakuna barua iliyotoka bila sahihi hiyo, na sahihi ya mtu mwingine haikukubaliwa popote.

Aliyezipanga zile barua alikuwa baba, na huo ndio uwezo pekee aliokuwa nao duniani. Alijua kwamba Monsieur huanza na moyo mkunjufu, anasoma, anauliza, anasikitika. Ikifika barua ya kumi na tano mkono unaanza kuuma. Ikifika ya ishirini anafunga jalada na kusema zilizobaki zingoje Alhamisi nyingine. Kwa hiyo baba, mgonjwa akiwa na hali mbaya, barua yake aliiweka mapema, mara baada ya barua ya mfadhili aliyemsifu Monsieur. Kwa ujanja huo alimpatia kitanda cha hospitali kipofu mmoja wa mtaa wa Kapalata, na mama mmoja mwenye mapacha, na wengine ambao hawakujua hata jina lake. Nasema hivi ili mtu asidhani baba yangu alikuwa mjinga. Kazi yake aliijua sana.

Mwaka 1955 mama alianza kukohoa. Mama yangu, Gertrude, alikuwa mwanamke wa kelele na vicheko, alipoponda ndizi za lituma majirani walijua anapika. Kikohozi kilimnyamazisha. Daktari akasema ni kifua kikuu, na dawa iko kwenye hospitali ya masista, safari ya siku mbili kwa mashua. Akasema pia aende kabla ya mvua kubwa. Chama cha Huruma kilikuwa na vitanda vitatu katika hospitali hiyo, na mashua ya wagonjwa ingeondoka Jumamosi ya pili kutoka siku ile. Wagonjwa wawili walikuwa wamekwisha kupata barua zao. Kilibaki kitanda kimoja.

Baba aliandika barua ya kitanda hicho. Aliiandika kwa jina la mama, Gertrude Boliki, jina la kwao, kama wanawake wetu wanavyoitwa. Monsieur hakuwa na njia ya kujua kwamba huyo Gertrude ndiye anayepiga pasi ile suruali nyeupe.

Jioni ya Jumatano jirani yetu Assumani, fundi cherehani aliyetoka Maniema, alikuja kumjulia mama hali. Alipotoka nje na baba, mimi nilikuwa naosha masufuria karibu nao.

"Ile barua umeiweka wapi?" Assumani aliuliza.

"Ndani ya jalada."

"Ndani wapi? Mbele ao nyuma?"

Baba aliinama, akanisogezea ndoo ya maji.

"Wenceslas, ni weye unapanga zile barua! Weka ya bibi yako juu, basi. Nani atakuuliza?"

"Kaka Assumani, ile meza haiko yangu. Emile alifanya vile kwa mutoto wa ndugu yake, na walimufukuza. Monsieur anahadisia kila mugeni mpaka leo."

"Emile alikuwa mwizi. Weye hauko mwizi."

"Bon. Ndiyo maana sitafanya kama yeye."

Emile ndiye aliyekuwa karani kabla ya baba. Hofu ya kufukuzwa ilikuwepo, sikatai. Lakini nilimjua baba yangu: palikuwa na kitu kingine juu ya hofu. Alijivunia kwamba hakuna mtu aliyeweza kumnyooshea kidole. Wazungu walikuwa wakisema kwamba Mwafrika ukimpa meza, siku ya pili ukoo wake wote umekaa juu yake. Baba alikuwa amejiapiza kuwa yeye atakuwa ushahidi wa kinyume. Kwa hiyo wagonjwa wa watu aliwaweka mbele, na mke wake akamweka mwisho kabisa. Siku hiyo zilikuwa barua ishirini na tatu. Mama alikuwa wa ishirini na tatu.

Alhamisi ikafika. Monsieur alikuwa na furaha, alisaini haraka, na baba, akifungua kurasa, alianza kuhesabu moyoni. Kumi na sita. Kumi na saba. Kumi na nane. Kumi na tisa. Hapo mlango ukagongwa, akaingia rafiki wa Monsieur, mtaalamu wa mimea kutoka Yangambi, mikono imefunguliwa na sauti juu. Monsieur akainuka kumkumbatia, kalamu bado iko mkononi. Kisha akamgeukia baba.

"Wenceslas, kuna la haraka lililobaki?"

Aliuliza. Hilo ndilo ambalo sijawahi kulimeza. Monsieur Lambrecht aliuliza kwa kinywa chake, kalamu ina wino, amesimama hatua mbili kutoka mezani. Baba alifungua mdomo. Mgeni alikuwa anamtazama. Akaona aibu ya kusema mbele ya mgeni, "Ndiyo, kuna barua ya mke wangu," akaona uso wa Emile, akafikiri kwamba Alhamisi nyingine haiko mbali, na mashua itaondoka Jumamosi ya baada yake, muda bado upo.

"Hapana, Monsieur," akasema.

Mpaka leo nalikasirikia lile neno. Nimezeeka, nimezika watu wengi, nimesamehe makubwa, lakini nikilikumbuka damu inapanda.

Mgeni alikuwa amekuja kumwalika Monsieur aende naye Yangambi. Wakaondoka asubuhi ya Ijumaa kwa mashua, wakisema ni kwa siku nne. Huko Monsieur akapata malaria, akalazwa, akakaa wiki tano. Alhamisi iliyofuata baba alileta jalada katika ofisi tupu, akaliweka juu ya meza, akasimama pembeni mpaka saa sita. Sijui alikuwa anangoja nini. Labda hata yeye hakujua.

Nyumbani mama alikuwa amekwisha kufunga vikwembe vyake viwili, rozari na sahani yake ya bati. Kila jioni baba akivuka mto na kurudi, swali lilikuwa lile lile.

"Barua yangu ilishatoka?"

"Ingali kwa Monsieur. Itatoka."

"Umumwambie niko tayari. Sina mizigo mingi."

"Nitamwambia, mama Odile."

Jumamosi ya mashua, mama aliamka mapema akavaa. Baba ndiye aliyemwambia avue. Hakumwambia sababu, alisema tu kwamba nafasi haikupatikana. Mama hakulalamika. Alisema pengine kuna aliye mgonjwa kumshinda yeye, na kwamba Monsieur anajua zaidi. Kitanda cha tatu masista walikiacha wazi siku chache, kisha wakampa mgonjwa mwingine.

Mvua kubwa zikaanza. Mama alifariki siku ya Jumanne, mchana, nikiwa nimemshika kichwa ili anywe uji. Wagenia wote walikuja, na Tonton Théodore, yule aliyependa kumcheka baba, alimshika mkono siku tatu bila kumwachia na bila neno la utani.

Monsieur Lambrecht alirudi amekonda. Alipoambiwa kwamba karani wake amefiwa na mke, alisikitika kweli kweli. Alimpa siku sita za kupumzika na akamwandikia kadi kwa mkono wake mwenyewe. Baba aliporudi kazini, kitu cha kwanza alichofanya ni kutoa barua ya Gertrude Boliki katika jalada. Monsieur hakuiona kamwe, na baba hakumweleza. Ikawa siri ya baba na Assumani, na yangu mimi niliyekuwa naosha masufuria.

Mwaka uliofuata Monsieur alitaka kumtendea mema. Wakati ule serikali ilikuwa ikitoa kadi ya heshima kwa Waafrika waliohesabiwa kuwa "wameendelea", na aliyeitaka alihitaji barua ya bwana wake ya kumshuhudia. Monsieur akakaa, akatamka barua hiyo, na baba akaiandika kwa mashine, kwa sababu barua zote za ofisi ile zilipita vidoleni mwake. Aliandika nakala nne. Aliipeleka kutiwa sahihi yeye mwenyewe.

Jioni alikuja na nakala moja nyumbani. Tangu nilipokuwa mdogo alinifundisha Kifaransa kwa karatasi za ofisini zilizoharibika, kwa hiyo haikuwa ajabu aliponikalisha kwenye kigoda na kusema, "Odile, soma."

Nikasoma kwa sauti. Ilisema kwamba Wenceslas Lokwa ni mtu mwaminifu, msafi, mwenye kutunza siri. Nikaendelea. Ilisema: "Katika miaka saba ya kunitumikia, hajaniomba hata mara moja jambo lolote kwa ajili yake mwenyewe wala kwa ajili ya watu wa nyumbani mwake."

Nikashusha karatasi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilielewa kila neno.

"Papa, ni weye uliandika hii?"

"Monsieur alisema. Mimi niliandika."

"Na iko kweli?"

Alitazama mikono yake ile laini. Nilikuwa namngoja aseme kwamba ni uongo, kwamba aliwahi kuomba, hata siku moja, hata kwa sauti ya chini na Monsieur hakusikia. Kama angesema hivyo ningemwamini.

"Iko kweli, mama," akaniambia. "Sikuomba."

Kisha akalia mbele yangu, kwa sauti, akiniita kwa jina la mama yangu.