Mstari wa Mbwa Wangu

Baba alinikubalia kufuga mbwa kwa sharti moja: asitie mguu uwanjani. Nyumbani kwetu Miono tunaswali, na mate ya mbwa ni najisi. Lakini nguruwe mwitu walikuwa wametumalizia mahindi misimu miwili mfululizo, na bila mbwa huwapati. Basi nikachukua jembe, nikachora mstari kuuzunguka uwanja, nikaanza kazi.

Nilimfundisha kwa vichwa vya dagaa. Nasimama ndani ya mstari, yeye nje, namwambia, "Kaa." Akivuka, narudisha dagaa mfukoni. Akilialia, vilevile, maana mbwa wa msituni mwenye kelele huwafukuza nguruwe kabla hujawaona. Akikaa kimya, namfuata kulekule nje nampa, na kumsifu kwa maneno ambayo sijapata kumwambia mtu. Mwezi wa kwanza alinitia wazimu. Mimi ni mwepesi wa hasira, na siku moja nilimchapa fimbo kwa kulia tu; sijajisamehe. Kufika mwezi wa tatu kuku walikuwa wakimpita puani naye katulia tuli. Baba, ambaye kusifu si kawaida yake, akasema, "Huyu ana adabu kukushinda wewe."

Watu wa nyumbani niliwakataza wasimwite wala kumlisha. Mbwa akiwa na mabwana wengi, niliwaambia, hamsikii hata mmoja. Ukweli ni kwamba nilikuwa na wivu naye.

Ijumaa moja asubuhi, mimi na wawindaji wenzangu tulimkurupusha nguruwe dume bondeni. Mbwa wangu akamfuata kichakani, tusimwone tena. Tulipiga miluzi mpaka midomo ikakauka. Wenzangu wakasema atarudi, njia anaijua. Nikaoga, nikaenda msikitini. Baada ya swala nikakaa kwenye kahawa, na nilikuwa nikisimulia nini? Utii wa mbwa wangu. Watu wakacheka, nikaongeza kikombe.

Niliporudi, mama alikuwa akipepeta mchele uwanjani.

"Mbwa wako karudi zamani," akasema. "Kakaa palepale pake, anakusubiri."

Nilimkuta amelala kiubavu, pua kwenye mstari. Nilipomgeuza, ubavu wa chini ulikuwa umepasuliwa na meno ya nguruwe kutoka mbavuni hadi pajani, na udongo umelowa damu. Bado alikuwa na joto, lakini alikwishakufa.

"Hakutoa sauti, mwanangu," mama akasema. "Angelia, ningemwendea."

Nilimbeba kifuani hadi shambani, nikamzika mwenyewe. Niliporudi nilisimama nje ya uwanja, kwa sababu palipoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nilijipaka udongo. Mama akaja na ndoo na kata, akanimiminia maji, akihesabu kwa sauti. Alipofika tano akanyamaza. Nilidhani amesahau hesabu. Nilipoinua uso nikaona machozi yanamtiririka.

"Nilimwona anakuja anachechemea," akasema. "Nilimwona kabisa, mwanangu, nikaendelea na mchele wangu."