Kumpandisha Mjerumani Misheni

Kila Jumamosi asubuhi kaka yangu huosha gari ambalo halijatoka getini tangu Jumamosi iliyopita. Hulivua turubai, hulimwagia maji, husugua rimu kwa mswaki, kisha huketi ndani, akapiga stata na kuliacha lingurume mpaka mtaa mzima wa Kihonda ujue kwamba liko hai. Anasema analipasha moto. Akishamaliza hulizima, hulifunika, halafu hupanda bodaboda kwenda sokoni.

Ni gari la Kijerumani, jeusi, limekaa chini, viti vya ngozi, aina ile ambayo vijana wa stendi wakiiona hupiga mluzi. Lilitufikia kutoka Japani, baada ya Mjapani kulichoka, na huyo alilichoka akiwa na barabara nzuri na mafundi waliolijua. Hilo nililisema siku lilipofika. Kaka akanijibu kwamba wanawake hatujui raha ya usukani.

Mimi mwenyewe sina pa kujifichia. Mwaka uliofuata nilinunua la kwangu, dogo, la Kijerumani vilevile, kwa sababu yeye alinishauri na kwa sababu lilikuwa na sura nzuri. Mwezi wa kwanza tu kioo cha dereva kilitumbukia ndani ya mlango, kikakaa humohumo. Giaboksi lake hufikiri kabla ya kuingiza gia. Niko pale kwenye makutano ya Msamvu, lori linanijia ubavuni, na gari langu linatafakari. Nilianza kulidharau mapema, na dharau hiyo imeniponya na mengi: sijawahi kulisugua rimu, wala sijawahi kulipigia picha.

Wenye magari haya hapa mjini wana umoja wao. Wana kundi la kwenye simu ambamo hutumiana picha za taa zilizowaka kwenye dashibodi, kama watu wengine wanavyotumiana picha za watoto waliozaliwa. Wanakutana pia, kwenye nyama choma moja upande wa viwanja vya Nanenane, na siku moja kaka alinipeleka nikawaone wenzangu. Walikuja kwa bodaboda. Mmoja alikuja kwa miguu, anazungusha ufunguo kidoleni. Wakaagiza nyama, wakaanza kuzungumzia nguvu za injini zao.

Katika umoja huo hakuna anayesema gari limeharibika. Wanasema, "Ni sensa tu," yaani kile kidude cha kupimia mambo ya injini ndicho kinachosumbua. Gari likizima katikati ya barabara, ni sensa. Likikataa kuwaka asubuhi, ni sensa. Nina hakika lingewaka moto mmoja wao angetamka sensa na wenzake wangetikisa vichwa kwa hekima. Na huku walikuwa wakivicheka vijigari vya Kijapani vilivyokuwa vikipita barabarani, vimejaa watu na magunia na kuku, vikienda. Jioni ilipoingia tulirudishwa mjini tumebanana ndani ya kimoja cha vijigari hivyohivyo, cha shemeji wa mmoja wao, na njia nzima hakuna aliyeona aibu.

Ningeweza kuendelea kuwacheka mpaka leo kama si mama yetu. Yeye anaishi kwa kaka, na yeye ndiye aliyelichukulia gari lile kwa uzito kuliko sote.

Mama alizaliwa huko juu milimani, Mgeta, jirani na misheni. Alipokuwa msichana, na hata baada ya kutuzaa, aliteremsha mboga kwa kichwa kutoka mlimani hadi pale malori ya wanunuzi yalipoishia: karoti, kabichi, njegere. Mdogo wake alichagua utawa. Siku moja mvua inanyesha, mama anapandisha mlima na tenga kichwani, gari la misheni likampita. Ndani alikuwa mdogo wake, mnovisi, ana shela nyeupe. Gari likapunguza mwendo, mdogo mtu akachungulia dirishani, akasema, "Dada, nafasi hakuna." Likaenda zake. Mama ametusimulia kisa hicho maisha yetu yote, na kila mara anacheka anapofika hapo, na kila mara maneno ni yaleyale, hajawahi kubadilisha hata moja. Sisi tulicheka pamoja naye mpaka tulipokua tukaona kwamba hacheki.

Basi ikaja taarifa kwamba mama mdogo anatimiza miaka hamsini ya utawa, jubilei ya dhahabu, misa kubwa kulekule misheni. Ndugu zao wote wamekufa. Wamebaki wao wawili, na wote wawili magoti yamekwisha. Misa hiyo isingerudiwa, na mama alijua, na mimi nilijua, kwamba huenda ndiyo mara ya mwisho kuonana.

"Nitakwenda na gari la mwanangu," mama akatangaza. Alitangaza nyumbani, akatangaza jumuiyani, akampigia simu mdogo wake akamtangazia na yeye.

Nilimwambia kuna dereva ninayemfahamu, ana kirikuu, kipikapu kidogo cha kubebea mboga, hupanda mlima kila siku, angemweka kiti cha mbele na kumfikisha mapema.

Mama alinitazama kama mtu aliyeletewa chai ya jana. "Mimi si kabichi," akasema.

Kaka akaanza kuliandaa gari. Nilimuuliza kama amelipeleka kwa fundi, akasema ndiyo, na ni kweli: lilipigwa rangi bampa, likabadilishwa taa za mbele, likawekwa mazulia mapya na chupa ya manukato yenye harufu inayoumiza kichwa. Kila kinachoonekana kilishughulikiwa. Nikamuuliza habari ya ile taa ya dashibodi iliyokuwa ikiwaka tangu Pasaka. Nadhani hata msomaji analijua jibu lake. Gari langu halikuwa na msaada, lilikuwa gereji linasubiri koili kutoka Dar.

"Kaka, ukimkosesha mama misa hii hatakusamehe," nilimwambia, "na mimi sitakusamehe."

"Nimemwambia nitamfikisha," akasema. "Nitamfikisha."

Tuliondoka kumeanza kupambazuka. Mama alikaa nyuma peke yake, amevaa kitenge cha jubilei, mkoba mapajani, mgongo umenyooka. Mimi nilikaa mbele na blanketi la zawadi. Na niseme kwa kinyongo: kwenye lami lilikuwa tamu. Mpaka Sangasanga lilikwenda bila kelele, kaka ameshika usukani kwa mkono mmoja, amepungua umri usoni. Niliwaza kwamba labda raha yote ya gari hili ni kipande hiki, na kwa ajili ya kipande hiki mtu mzima huosha rimu kwa mswaki.

Baada ya Mlali mlima ukaanza, na raha ikaisha. Lile gari limekaa chini kiasi kwamba linaogopa hata kokwa la embe. Kila penye jiwe kaka alisimama, akaniomba nishuke niangalie chini. Nikashuka. Nikaangalia. Nikamwonyesha kwa mkono, kulia, kulia, simama. Kwa kweli sehemu kubwa ya safari ile niliitembea. Wanawake waliokuwa wakiteremka na mizigo walitupita wakatuamkia kwa upole, nao wakageuka kutazama mara ya pili. Kirikuu cha mboga kilitupita kinapanda, dereva akapiga honi. Mama akageuzia uso upande wa bondeni.

Tulifika kwenye kilima cha mwisho, kanisa tunaliona, kengele ya kwanza inalia. Hapo ndipo moshi mweupe ulipotoka chini ya boneti. Bomba la plastiki la maji lilikuwa limepasuka, na maji ya kijani yakaanza kuteremka barabarani kuelekea tulikotoka. Kaka akazima injini. Akashuka, akafungua boneti, mvuke ukamfunika hadi kifuani.

"Ni sensa tu," akasema.

Ningemjibu ningemtukana mbele ya mama, siku ya misa.

Kirikuu kingine kikatokea nyuma yetu. Nikakisimamisha, dereva akafungua mlango wa mbele, akapangusa kiti kwa kiganja. "Shikamoo bibi," akasema. "Panda hapa, umeshafika."

"Marahaba, baba," mama akamjibu kutoka kwenye kiti chake cha ngozi. Hakusogea.

"Mama, misa inaanza," nikamwambia.

"Nasikia kengele. Sina masikio?"

"Basi panda gari twende."

"Nimepanda tayari."

Nilitaka kumbeba mama yangu mzazi kama mzigo nimtupe kwenye kile kirikuu, kwa sababu mdogo wake alikuwa pale juu amevalishwa shada la maua, na mwanamke huyu alikuwa tayari kukosa yote kwa ajili ya bati la Mzungu. Kaka naye akaja dirishani. "Mama, panda tu," akamwambia. "Mimi nitakuja nyuma."

Mama akamtazama. "Uliniambia utanifikisha," akasema, taratibu, bila ukali wowote.

Sijawahi kumwona kaka yangu vile. Aliweka paji la uso juu ya paa la gari. Kirikuu kikaondoka, kilikuwa na haraka zake. Nyuma yetu wanakwaya wanaume walikuwa wakipandisha kwa miguu, wamechelewa, mashati yao ya sare yamepigwa pasi, viatu vimejaa matope. Wakatuamkia, wakauliza kulikoni. Na kaka, mtu ambaye hupangusa alama ya kidole cha mtoto kwa kitambaa maalumu, akavua koti, akawaambia, "Jamani, naomba mnisukumie mama yangu mpaka kanisani. Shikeni popote."

Wakashika popote. Viganja vya matope kwenye rangi, magoti kwenye bampa jipya, mmoja ameegemeza bega kwenye taa. Kaka aliingia kwenye usukani, maana bila injini ulikuwa mzito na breki zilikuwa ngumu kama kukanyaga ukuta. Mimi nilipewa kazi ya jiwe. Mzee mmoja wao aliliokota ukingoni, akanikabidhi, akanielekeza: wakipumzika, niliweke nyuma ya gurudumu upesi, wakianza tena nilichukue nifuate.

Nikafuata. Gauni langu la misa, jiwe kifuani kama mtoto mchanga, nikitembea nyuma ya gari la Kijerumani lililokuwa likipandishwa mlima kwa nguvu za wakulima wa karoti. Waliimba, kwa sababu wanakwaya hawawezi kusukuma kimya. Wakichoka wananiita, "Jiwe!" nami nainama. Wakishapumua wanasema, "Haya," nami naliokota. Nilimdharau kaka, nikalidharau gari, nikaudharau ule umoja wao wote wa nyama choma, nikajidharau mwenyewe niliyekuwa na lingine la aina hiyohiyo gereji. Humo ndani naona kichwa cha mama kwa nyuma, kilemba kimekaa sawasawa, hakigeuki kulia wala kushoto.

Uwanja wa kanisa nao una mwinuko, na maandamano yalikuwa yamepangwa nje, mlangoni: watoto wenye mishumaa, mapadri, masista wa jubilei na mashada yao. Wote wakatugeukia. Gari jeusi likaingia bila mlio wowote wa injini, linavuja, limejaa viganja, likasimama mbele yao. Vigelegele vikapigwa. Sijui walidhani nini, labda walidhani ndivyo tulivyopanga.

Mama hakushuka. Akateremsha kioo, ambacho kwa muujiza kilikubali, akangoja.

Mama mdogo akatoka kwenye mstari. Alikuja kwa fimbo, taratibu, padri akimwangalia yeye kisha saa. Nikamwamkia, "Tumsifu Yesu Kristo, mama mdogo," akaitikia, "Milele amina," bila kunitazama. Alikuwa anamtazama dada yake. Akafika dirishani, akainama.

"Panda," mama akamwambia. "Nafasi ipo."

Sista akaweka mkono mdomoni. Na mimi nikajua kwamba na yeye alikuwa ameyatunza maneno yale miaka yote, pengine mahali pabaya zaidi kuliko mama. Kisha akazunguka nyuma ya gari, akanipita mimi na jiwe langu, akafungua mlango wa upande wa pili na kuinua kanzu yake.

"Kung'uta viatu kwanza," mama akasema. "Hiki kiti ni cha ngozi."

Akavikung'uta. Akaingia, akafunga mlango, na wakapandisha kioo. Tuliwaona midomo ikienda, tusisikie kitu. Kwaya ilinyamaza, maandamano yakangoja, maji yakadondoka kwenye vumbi. Kaka alikuwa bado amekanyaga breki kwa miguu yote miwili, anatazama mbele, anatokwa machozi kama mtoto.

Nikaweka jiwe nyuma ya gurudumu, nikalikanyaga kwa nguvu zangu zote, maana breki ya mkono ya gari lile haijawahi kushika tangu linunuliwe.