Meno Mawili ya Baba Suwitri

Shemeji yangu Nengah Rundung, ambaye kijiji kizima kinamwita Baba Suwitri kwa jina la binti yake wa kwanza, amecheza vinyago miaka arobaini na sita. Mpunga analima hivyo hivyo tu. Kucheza, anacheza mpaka mawe ya hekalu yanatabasamu, ingawa bila ngoma yangu angekuwa jogoo anayeparua uani.

Vinyago vyake alivichonga babu yake, navyo havina kamba. Ndani kuna kipande cha ngozi. Mchezaji anakiuma kwa meno ya mbele. Kutoboa tundu la kamba ni sawa na kumtoboa babu mwenyewe. Basi mzee alipobakiwa na meno mawili, tuliyaombea kuliko mvua.

"Kula nyama laini, shemeji," nilimwambia asubuhi ya sikukuu ya hekalu. "Ngozi ya nguruwe tuachie sisi."

"Nguruwe bila ngozi ni nini? Tofu?" Akaendelea kutafuna kwa kelele.

Anacheza watu wote peke yake: waziri, mfalme, kikongwe, na mwisho Sidakarya, yule mweupe mwenye meno yaliyochomoza, anayerusha mchele wa manjano. Huyo asipotoka, sadaka zote zilizopangwa tangu alfajiri ni bure.

Jua la alasiri, katikati ya zamu ya kikongwe, kinyago kikayumba. Shemeji akakidaka kwa kiganja, akapepesuka.

"Uzee huo jamani!" watu wakacheka.

Mimi sikucheka. Jino lilikuwa limebingirika hadi kwenye ngoma yangu. Nikapunguza mwendo, upatu ukanifuata, mpaka mzee akajikongoja nyuma ya pazia. Pale alikuwepo Suwitri, mama wa watoto watatu, anayemvalisha baba yake kila mwaka.

"Suwitri, uma huyu wa mwisho."

"Mimi? Baba, hapa kwetu hajawahi kuchezwa na mwanamke!"

"Meno unayo?"

"Ninayo."

"Basi!"

"Mjomba, mwambie!" akanililia kupitia pazia.

"Mwanangu, mimi napiga ngoma," nikasema. "Vaa, mikono inaniuma."

Kuhani, ambaye si mtu wa kubishana watu wakisubiri, akamnyunyizia maji matakatifu. Pazia likatikisika, ikatangulia miguu. Nikaitambua: miguu ya baba yake, ila hii haina gauti. Kweli nilipiga ngoma siku ile! Mchele ukaruka, wazee wakaukinga kwa viganja, kuhani akainamisha kichwa. Sadaka imekamilika.

Nilimkuta shemeji ameketi nyuma ya pazia, amefunika mdomo, macho yamelowa.

"Amekosea wapi?"

"Hakukosea."

"Mwongo wewe. Shingo aliigeuza upesi mno, nimeona. Kesho namfundisha." Nikamrudishia jino lake. Akaligeuza kiganjani, akalitia kibindoni, akanitazama kwa ujanja. "Ile ngozi ya nguruwe, mmeimaliza?"

"Imebaki kidogo."

"Ilete yote. Hili lililobaki halina kazi tena."