Nyati wa Channamma na Wimbo wa Mvua

Channamma wa Tiptur alinunua nyati wake wa kwanza wa maziwa kwa kuuza cherehani ya marehemu mumewe, na hakumlilia mume wala cherehani. Sasa alikuwa na nyati watatu, na banda lake lilishikana na ukuta wa nyuma wa jumba la sinema.

Mwaka huo ikaja filamu ya mapenzi: msichana anaozwa kwingine, kijana anabaki mvuani akiimba. Wimbo huo ulipigwa hadi hekaluni. Kila alasiri ulipopenya ukutani, vijana wakipiga miluzi, nyati walifumba macho, maziwa yakashuka yenyewe. Kwa jeuri hiyo, Channamma akamwahidi mtengeneza peremende wa sokoni maziwa yote ya sikukuu.

Ijumaa filamu ikaondolewa, ikaletwa ya bunduki. Gowri, mkubwa wa nyati, akapiga ndoo teke. Wenzake nao wakagoma. Channamma akawapigia wimbo kwenye simu. Gowri akailamba simu, basi.

Akamfuata Revanna, meneja wa sinema.

“Bwana Revanna, rudisha ile filamu.”

“Mama, watu wameichoka.”

“Watu wako. Nyati wangu bado.”

Revanna akacheka. “Niwakatie tiketi?”

“Wao hawaangalii, wanasikiliza tu. Kwani hao mashabiki wako hawataki filamu itimize siku mia, waliogeshe maziwa lile libango la mbao la shujaa pale mlangoni? Maziwa natoa mimi. Wewe nipe onyesho la alasiri.”

“Ndoo mbili.”

“Moja. Ya pili nusu maji.”

“Maji tena, mama!”

“Shujaa wako wa mbao. Atajuaje?”

Wakakubaliana. Alasiri ya kesho yake wimbo ukapenya ukutani, lakini Gowri akasimama tu, masikio wima. Channamma akaelewa: ukumbi mtupu, hakuna miluzi.

Akamwachia bintiye ndoo, akaingia sinema kwa mara ya kwanza maishani. Akaketi benchi la mbele peke yake. Kijana wa filamu alipoanza kuimba, akatia vidole viwili kinywani akapiga mluzi uliomwamsha fundi wa mitambo.

“Mama, yanashuka!” binti akapaza sauti nyuma ya ukuta. “Usiache!”

Hakuacha. Wimbo ulipokwisha, Revanna alikuwa mlangoni. “Mama, unalia?”

“Nalia nini? Jaribu wewe kupiga mluzi hivi uone kama macho hayatoki maji.”

Mtengeneza peremende akapata maziwa yake. Siku ya mia ikafika, shujaa wa mbao akaogeshwa, na Gowri, aliyevishwa shada, akamlamba viatu mbele ya umati.

“Filamu ijayo ina nyimbo tano,” Revanna akajigamba.

“Usiichukue bado,” Channamma akasema. “Kwanza Gowri aisikilize.”

Revanna akamtazama Gowri, akakuna kichwa. “Jumatano anayo nafasi?”